Amri za kukagua na kutengeneza mfumo wa faili: ipi itangulie na ipi isubiri

Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, au diski ya nje ikichomolewa kabla haijapachuliwa (kutenganishwa na kompyuta kwa utaratibu), madhara hayaonekani papo hapo kila mara. Huenda siku ya pili yake kompyuta ikawaka lakini ikakataa kuhifadhi chochote, folda iliyokuwa imejaa ikafunguka ikiwa tupu, au ujumbe ukatokea kwamba muundo wa diski unahitaji kusafishwa. Wengi wetu tukifika hapo tunatafuta amri ya kutengeneza, tunainakili jinsi tulivyoikuta, kisha tunabonyeza Enter. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajabonyeza.

Swali la amri ipi iliyo bora limekwisha kujibiwa, kwa sehemu kubwa, siku diski ilipofomatiwa, yaani ilipopewa mfumo wa faili, utaratibu wa kupanga faili ndani yake. Mfumo wa ext4 hukaguliwa kwa `e2fsck`, XFS kwa `xfs_repair`, Btrfs kwa amri za familia ya `btrfs`, ZFS kwa `zpool`, NTFS kwa `chkdsk` ya Windows, na APFS ya kompyuta za Apple kwa `diskutil` au `fsck_apfs`. Hakuna hata moja inayoweza kufanya kazi ya mwenzake, na amri ya jumla ya `fsck` kwenye Linux ni mlango tu: hutambua aina ya mfumo wa faili na kuita programu inayohusika. Asiyejua aina aliyonayo aanze na `lsblk -f`, ambayo huonyesha kila patisheni (sehemu ya diski), aina ya mfumo wake wa faili na mahali ulipopachikwa, yaani ulipounganishwa na folda za kompyuta. Kinachobaki kuchaguliwa, na ndicho chenye uzito, ni kiasi cha ruhusa utakayoipa programu: isome tu, iulize kila hatua, irekebishe yaliyo salama peke yake, au ikubaliwe kila inachopendekeza.

Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu lengo la programu hizi hueleweka vibaya. Zimeandikwa ili mfumo wa faili uafikiane na wenyewe, yaani hesabu za bloku (vipande vya nafasi ya diski) zilingane, kila saraka (folda) iwe na mzazi, na kila inodi, ambayo ni rekodi inayoeleza faili na mahali data yake ilipo, iwe na maana. Hazikuandikwa kuokoa yaliyomo ndani ya faili. Inodi ikiwa imeharibika kiasi cha kutoeleweka, programu huifuta, kisha hufuta pia jina lililokuwa likielekeza kwake, na kwa kipimo chake kazi imefanikiwa: mfumo ni safi, faili haipo. Kwa hiyo kila zana hapa nitaipima kwa kigezo kimoja: inaanza kuandika lini, na je, inakupa nafasi ya kuona kabla haijaandika?

Zisipopewa chaguo lolote

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote hujitokeza amri zinapoitwa zikiwa tupu, bila chaguo lolote nyuma yake. `e2fsck` husimama kwenye kila kosa na kuuliza. `xfs_repair` hutengeneza moja kwa moja, bila kuuliza hata mara moja. `btrfs check` husoma tu, na haiandiki mpaka iambiwe waziwazi. `chkdsk` nayo, ikipewa herufi ya diski peke yake, hutoa taarifa na kuacha kila kitu kilivyo. Aliyezoea moja kati ya hizi akahamia nyingine huhama na mazoea yake, na hapo ndipo ajali hutokea: ushauri wa "iendeshe tu uone itasema nini" hauna madhara kwenye Windows, lakini ukifuatwa kwenye seva yenye XFS, mabadiliko yatakuwa yamekwisha kuandikwa kabla ripoti haijasomwa.

Upo pia mtego ulio kinyume cha huo. `e2fsck` ikikuta mfumo wa faili umetiwa alama ya kuwa safi, husema ni safi na kuondoka bila kukagua undani wake. Chaguo la `-f` ndilo linaloilazimisha kupitia kila kitu. Vilevile `fsck.xfs`, ile inayoitwa kompyuta inapowaka, kwa kawaida haifanyi lolote na hurudisha jibu la mafanikio, kwa kuwa XFS hutegemea daftari lake la mabadiliko, yaani orodha ya mabadiliko yanayosubiri kukamilishwa, lisomwe na kukamilishwa wakati wa kupachika. Neno "safi" kwenye skrini, basi, lina maana tofauti kulingana na aliyelitamka na namna alivyoulizwa.

Diski yenyewe inapumua?

Kabla ya kulinganisha zana za mfumo wa faili, ni lazima kujua kama tatizo limo katika mfumo wa faili au katika chombo kilichoubeba. Kwenye Linux, `dmesg`, inayoonyesha ujumbe wa mfumo, husaidia sana hapa. Mistari inayotaja `EXT4-fs error` au XFS bila malalamiko mengine huelekeza kwenye muundo ulioharibika. Mistari inayotaja `I/O error` pamoja na namba za sekta (vipande vidogo vya diski) huelekeza kwenye diski, kebo au kidhibiti chake. Hatua inayofuata ni `smartctl -a`, inayosoma ripoti ya afya ya diski, na katika orodha ndefu inayotolewa kwa diski za SATA mimi huangalia namba nne tu: ya 5, inayohesabu sekta zilizohamishwa, ya 197, inayohesabu sekta zinazosubiri uamuzi, ya 198, ya sekta zilizoshindikana, na ya 199, inayohesabu makosa ya mawasiliano, ambayo mara nyingi chanzo chake ni kebo. Namba ya 197 ikiwa inapanda kila unapoitazama, acha kabisa wazo la kutengeneza.

Sababu ni kwamba ukaguzi wa mfumo wa faili huilazimisha diski kusoma metadata yote, yaani maelezo kuhusu faili, na ukarabati huiongezea kazi ya kuandika, wakati ambapo kila usomaji unaweza kuwa wa mwisho kwa kichwa cha kusomea kilichochoka. Niliwahi kuendesha `e2fsck -y` kwenye diski ya aina hiyo kwa kuamini kwamba makosa yalitokana na umeme. Programu ilishindwa kusoma bloku nyingi, ikaona inodi zilizokuwa ndani yake hazina maana, ikazifuta moja baada ya nyingine kwa ruhusa niliyoitoa mwanzoni. Diski ingenakiliwa kwanza, sehemu kubwa ya inodi zile zingesomeka katika jaribio la pili au la tatu.

Chombo cha kunakili ni GNU ddrescue. Mzunguko wa kwanza, `ddrescue -n /dev/sdb1 nakala.img ramani.map`, huchukua yote yanayosomeka kwa urahisi na kuruka yenye shida. Wa pili, `ddrescue -d -r3 /dev/sdb1 nakala.img ramani.map`, hurudi kwenye mapengo na kuyajaribu mara tatu. Faili ya ramani huhifadhi kumbukumbu ya kila eneo, kwa hiyo kazi ikikatizwa huendelea pale ilipoachia. Ukiilinganisha na `dd` ya kawaida, ambayo husimama kwenye kosa la kwanza isipoambiwa vinginevyo na haina kumbukumbu ya ilikofika, sioni sababu ya kutumia `dd` kwenye diski yenye ugonjwa. Nakala ikishapatikana, `e2fsck` inaweza kuendeshwa juu ya faili hiyo kana kwamba ni patisheni, na `xfs_repair` hufanya hivyo ikipewa `-f`. Diski yenyewe huwekwa kando, bila kuguswa tena.

ext4: zana yenye ngazi nyingi za ruhusa

Kati ya zana zote ninazozifahamu, `e2fsck` ndiyo inayompa mtu nafasi kubwa zaidi ya kuchagua, na ndiyo inayostahili maelezo marefu. Hufanya kazi kwa hatua tano: kwanza hukagua inodi, bloku na ukubwa, pili hukagua muundo wa saraka, tatu huhakikisha kila saraka imeunganishwa na mti, nne huhesabu viungo vya kila faili, na tano hulinganisha hesabu za jumla za nafasi iliyotumika na iliyo wazi. Makosa ya hatua ya tano mara nyingi ni ya hesabu tu na hayana uzito. Makosa ya hatua ya kwanza ndiyo ya kuogopa, kwa sababu huko ndiko inodi hufutwa.

Ngazi ya chini ni `e2fsck -fn`, ambayo hufungua diski kwa kusoma tu na kujibu "hapana" kwa kila swali. Iko salama, lakini ripoti yake inahitaji tahadhari mbili. Ikiendeshwa juu ya mfumo wa faili unaoendelea kutumika, majibu yake hayaaminiki, kwa kuwa yanayosomwa yanabadilika chini yake. Pili, kwa kuwa haiandiki, hairejeshi mabadiliko yaliyosalia kwenye daftari, na hivyo inaweza kuorodhesha makosa ambayo yangetoweka yenyewe daftari likikamilishwa. Wapo wanaoiona orodha hiyo ndefu wakakata tamaa mapema, ilhali kupachika na kupachua mara moja kungetosha kuisafisha.

Ngazi ya pili ni `-p`. Hii hurekebisha yale tu yanayoweza kurekebishwa bila hatari, na ikikutana na jambo linalohitaji uamuzi wa mtu, hulieleza, husimama na kurudisha jibu lenye namba 4. Kwa seva inayowaka peke yake usiku, hili ndilo chaguo la busara, na ndivyo mifumo mingi ya Linux ilivyopangwa. Ngazi ya tatu ni kuiacha iulize. Hapo msimamizi husoma kila swali, na hata asipoelewa yote, anaweza kugundua kwamba maswali ni matano au kwamba ni elfu tano, na tofauti hiyo peke yake inaeleza mengi. Ngazi ya nne ni `-y`, inayokubali kila pendekezo. Siipingi kabisa: mtu aliyekwisha kunakili diski na kuona kwa `-n` kwamba makosa ni mengi ya aina moja hana haja ya kukaa akibonyeza herufi y mamia ya mara. Ninachopinga ni kuanza nayo.

Jambo moja ambalo halitajwi vya kutosha ni chaguo la `-z`. Ukiandika `e2fsck -z /mnt/nje/rejesha.e2undo /dev/sdb1`, programu huhifadhi kwenye faili hiyo yaliyomo ya zamani ya kila bloku kabla ya kuibadilisha, na baadaye amri ya `e2undo` inaweza kuyarudisha. Faili hiyo iwekwe kwenye diski nyingine, kamwe si ileile inayotengenezwa. Katika zana ninazozilinganisha hapa, sijakutana na nyingine yenye njia rahisi hivi ya kurudi nyuma, na kwa maoni yangu kila mwongozo wa ext4 ungepaswa kuanza nayo.

Supabloku ya mwanzo, inayobeba maelezo ya mfumo mzima, ikiharibika, ext4 huwa na nakala zake mahali pengine. Kwenye mfumo wenye bloku za baiti 4,096, nakala ya kwanza hukaa kwenye bloku namba 32768, nayo hutumiwa kwa `e2fsck -b 32768 /dev/sdb1`. Lakini ujumbe wa `Bad magic number in super-block`, ambao huwatisha watu wengi, mara nyingi hauna uhusiano wowote na uharibifu: mtu ametaja diski nzima, `/dev/sdb`, badala ya patisheni yake, `/dev/sdb1`, au ameelekeza amri kwenye patisheni iliyosimbwa kwa LUKS (mfumo wa usimbaji wa Linux) kabla ya kuifungua. Soma tena jina la kifaa kabla ya kugusa supabloku ya akiba.

Kuhusu patisheni kuu, ambayo haiwezi kupachuliwa wakati mfumo unatumika, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine wa Linux, na ndiyo ninayoipendelea kwa kuwa inakuachia muda wa kutazama. Ya pili, kwenye mifumo inayotumia systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, ni kuongeza `fsck.mode=force` kwenye mstari wa kerneli (kiini cha Linux) wakati wa kuwasha; ni ya haraka, na inafaa pale ambapo hakuna dalili ya uharibifu mkubwa.

XFS: daftari kwanza, ukarabati baadaye

XFS ilizaliwa katika kampuni ya SGI miaka ya 1990 kwa ajili ya diski kubwa, na zana yake inaonyesha asili hiyo. `xfs_repair` ni ya haraka, haina mazungumzo, na hutumia kumbukumbu nyingi ya RAM kadiri idadi ya faili inavyokuwa kubwa. Chaguo la `-m` huiwekea kikomo. Ngazi za ruhusa zilizo kwenye `e2fsck` hapa hazipo: ipo `-n` ya kutazama tu, na upo ukarabati wenyewe. Katikati hakuna kitu.

Jambo la pekee kwa XFS ni namna inavyolinda daftari. Daftari likiwa na mabadiliko ambayo hayajakamilishwa, `xfs_repair` hukataa kuendelea na kukuelekeza upachike mfumo wa faili ili daftari likamilishwe, uupachue, kisha urudi. Ujumbe huohuo hutaja `-L` kuwa njia ya mwisho pale ambapo kupachika kumeshindikana, na bahati mbaya macho ya msomaji mwenye haraka huishia kwenye `-L`. Chaguo hilo hufuta daftari lote. Mabadiliko yaliyokuwa yakisubiri hupotea, na muundo ambao ungekamilishwa kwa sekunde chache huachwa ukiwa nusu, ndipo programu ianze kuukarabati kwa kukisia. Kwa hiyo ikilinganishwa na ext4, ambapo `e2fsck` hukamilisha daftari yenyewe kabla ya kukagua, XFS hukuachia wewe kazi hiyo, na ni lazima uifanye.

Fidia yake ni `xfs_metadump`. Amri hii hunakili metadata peke yake, bila yaliyomo ya faili, na `xfs_mdrestore` huijenga nakala hiyo kuwa taswira ya diski ambayo unaweza kuijaribia `xfs_repair` pamoja na machaguo yake yote. Kwenye diski ya terabaiti nyingi, ambapo kunakili kila kitu kungechukua siku nzima, jaribio hilo huonyesha ni faili zipi zitakazoishia kwenye saraka ya `lost+found`, zinakowekwa faili zilizopoteza majina, kabla hujagusa diski halisi. ext4 ina `e2image` kwa kazi inayofanana, lakini watumiaji wa XFS ndio wanaoihitaji zaidi, kwa kuwa zana yao haiulizi.

Btrfs na ZFS: ukaguzi wakati kazi inaendelea

Mifumo hii miwili hubadilisha swali lenyewe. ext4 na XFS hukagua muundo, na haziwezi kujua kama yaliyomo ndani ya picha au hati yamebadilika biti moja, kwa sababu hazihifadhi hesabu ya uhakiki ya data. Btrfs na ZFS huhifadhi hesabu hiyo kwa metadata na kwa data, na kila bloku inaposomwa hulinganishwa nayo. Ndiyo sababu amri yao kuu, `btrfs scrub start` au `zpool scrub`, huendeshwa mfumo ukiwa umepachikwa na watu wakiendelea na kazi: husoma kila kitu, hulinganisha, na ikikuta bloku mbovu hutafuta nakala isiyoharibika na kuitumia kuirekebisha.

Sharti limo katika maneno hayo ya mwisho. Kama nakala nyingine haipo, scrub hutambua uharibifu na kutaja faili, lakini haina cha kurejesha. Kwenye Btrfs ya diski moja, mpangilio wa kawaida wa siku hizi huweka metadata mara mbili na data mara moja, kwa hiyo muundo unaweza kujiponya ilhali picha yako haiwezi. Anayechagua mifumo hii kwa ajili ya kujiponya ajue kwamba uponyaji huo hununuliwa kwa diski ya pili.

Zinapofika mahali pa kushindwa kupachikwa, hizi mbili huachana njia. ZFS haina programu ya ukarabati kwa maana ya `fsck`. Kinachokuwepo ni `zpool import -F`, inayorudisha mfumo kwenye hali ya sekunde chache zilizopita kwa kutupa miamala ya mwisho, na `-n` ikiongezwa huonyesha kama jambo hilo linawezekana bila kulifanya. Btrfs inayo `btrfs check --repair`, lakini wenyewe walioiandika wameweka onyo na muda wa kusubiri kabla haijaanza, na mwongozo wake unaelekeza isitumike bila ushauri wa msanidi programu au mtumiaji mzoefu. Naliheshimu onyo hilo. Mpangilio ninaoufuata ni kujaribu kwanza kupachika kwa kusoma tu pamoja na `rescue=usebackuproot`, kisha `btrfs restore`, ambayo hutoa faili kutoka kwenye mfumo usiopachikika na kuziweka kwenye diski nyingine bila kuandika lolote kwenye ile mbovu. Mara nyingi baada ya hapo ukarabati hauna kazi tena: faili zimetoka, diski inafomatiwa upya. Katika ulinganisho wote huu, `btrfs restore` ndiyo zana pekee iliyoandikwa kwa lengo la mwenye faili moja kwa moja, na ningependa mifumo mingine iwe nayo.

chkdsk: tofauti kati ya /scan, /f na /r

Kwenye Windows uchaguzi ni kati ya herufi, na watu huruka moja kwa moja kwenye `/r` kwa dhana kwamba iliyo kali ndiyo bora. `chkdsk D: /f` hurekebisha makosa ya muundo wa NTFS: rekodi za faili, faharasa za majina, na maelezo ya usalama. `/r` hufanya hayo yote, kisha husoma eneo lote la diski kutafuta sekta mbovu, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi kwenye diski kubwa. Ikiwa tatizo lilitokana na kukatika kwa umeme, `/f` inatosha. Ikiwa unashuku sekta mbovu, basi tuko kwenye hali niliyoieleza juu ya diski inayokufa, na `/r` ndiyo kazi nzito ambayo diski hiyo haifai kupewa kabla ya kunakiliwa. Kwa mtazamo huo, nafasi ya `/r` ni finyu kuliko umaarufu wake: inafaa kwa diski ambayo data yake imekwisha kuhifadhiwa kwingine.

Tangu Windows 8, iliyotoka 2012, ipo njia nzuri zaidi ambayo haijulikani sana. `chkdsk C: /scan` hukagua NTFS wakati mfumo unatumika, hurekebisha inayoyaweza na kuorodhesha yaliyobaki, nayo `/spotfix` baadaye huifunga diski kwa muda mfupi tu kushughulikia yaliyoorodheshwa. Ikilinganishwa na `/f` juu ya diski C, inayodai kompyuta iwashwe upya na kukuacha ukitazama asilimia zikipanda, njia hii ina unafuu mkubwa, na ndiyo ninayoipendekeza kwa ukaguzi wa kawaida. Vipande visivyo na jina hukusanywa kwenye folda iliyofichwa iitwayo `FOUND.000` vikiwa na majina yanayoishia na `.CHK`, kama vile ext4 na XFS zinavyotumia `lost+found`. Amri ya `sfc /scannow`, ambayo mara nyingi hutajwa pamoja na `chkdsk`, hukagua faili za Windows yenyewe na haihusiani na muundo wa diski.

Mwenye diski ya NTFS na kompyuta ya Linux atakutana na `ntfsfix`. Jina lake linaahidi kuliko uwezo wake: hurekebisha makosa machache ya msingi, husafisha daftari, na kuacha alama ili Windows ikague itakapowaka. Haichukui nafasi ya `chkdsk`, na diski yenye data muhimu ni bora ipelekwe kwenye kompyuta yenye Windows.

Kompyuta za Apple zinahitaji maneno machache tu, kwa kuwa zimetenganisha ruhusa kwa majina ya amri: `diskutil verifyVolume` hutazama, `diskutil repairVolume` hutengeneza. Diski kuu hutengenezwa kutoka kwenye hali ya urejeshaji. APFS huhifadhi hesabu ya uhakiki ya metadata yake lakini si ya data ya mtumiaji, hivyo katika suala la kugundua picha iliyoharibika iko upande wa ext4 kuliko wa ZFS. Flashi na kadi za FAT hukaguliwa kwa `fsck.fat`, ikianza na `-n`. Hazina daftari lolote la mabadiliko, na hiyo ndiyo sababu huharibika kirahisi zikichomolewa ghafla.

Kuchagua kulingana na hali

Kompyuta iliyozimika ghafla na sasa inawaka bila malalamiko haihitaji zaidi ya ukaguzi wa kusoma: `/scan` kwenye Windows, scrub kwenye Btrfs na ZFS, `e2fsck -fn` au `xfs_repair -n` kutoka kwenye flashi kwa nyingine. Mfumo uliojigeuza kuwa wa kusoma tu, huku `smartctl` ikionyesha kwamba diski haina ugonjwa, unastahili ukarabati wa ngazi ya chini: `-p` kwa ext4, ukiongeza `-f`, kupachika na kupachua kisha `xfs_repair` kwa XFS, `/f` kwa NTFS. Diski yenye sauti ngeni au sekta zinazosubiri hupewa ddrescue, na zana nyingine zote hufanya kazi juu ya nakala. Na pale ambapo nakala rudufu ipo, ni nzima na imejaribiwa, kufomati na kurejesha mara nyingi huwa haraka na kuaminika zaidi kuliko ukarabati wowote uliotajwa hapa.

Ukarabati ukimalizika, endesha amri ileile mara ya pili. Ukaguzi wa pili unaotoa makosa mapya ni ishara ya RAM mbovu, kebo au diski, na kuendelea kutengeneza kutaongeza hasara. Kwa ext4, tazama pia namba ambayo amri imerudisha, kwa `echo $?` mara tu inapokwisha: 0 maana yake hapakuwa na kosa, 1 maana yake makosa yalikuwepo na yamerekebishwa, 2 inataka kompyuta iwashwe upya, 4 maana yake yapo yaliyobaki, na namba hizi hujumlishwa, kwa hiyo 5 ni 1 na 4 kwa pamoja. Kisha ingia `lost+found`, ambamo faili zina majina kama `#131074`, na utumie amri ya `file` juu ya kila moja. Itakwambia ipi ni picha, ipi ni hati, ipi ni saraka nzima iliyopoteza jina lake tu huku yaliyomo yakiwa bado na majina yao. Anza na saraka hizo, kwa sababu moja inaweza kuwa imebeba mamia ya faili ambazo ulikwisha kuzihesabu kuwa zimepotea.